MOTO WA NYIKA NA HIFADHI YA RUMA
Maneno ya hotuba kwa watu wa Asumbi



Nitazungumza juu ya moto wa nyika, na hasa moto katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyo katika Bonde la Lambwe, upande wa magharibi yetu. Pengine mtu atauliza, "Ruma yatuhusu nini sisi wa Asumbi?" Yatuhusu sana, kwa maana hifadhi hiyo ni mali ya watu wote, na tena njia ya kuilinda na moto ndiyo njia ya kulinda mashamba na malisho yetu wenyewe.

Bonde hilo lilitengwa mwaka 1966 kuwa mahali pa kuhifadhi wanyama, na mwaka 1983 likafanywa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 120. Humo anaishi korongo, ambaye Wajaluo humwita omoro, mnyama mkubwa wa jamii ya swala mwenye masikio marefu na uso wa mabaka meusi na meupe. Katika Kenya nzima, korongo wa porini hapatikani tena ila Ruma. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa wamebaki 15 tu. Mtu mwenye ng'ombe 15 huwajua mmoja mmoja kwa rangi zao, na hapati usingizi moto ukiingia malishoni. Korongo hawa nao yafaa tuwaangalie vivyo hivyo.

CHAKULA CHA MOTO

Moto hauendi mbali bila chakula, na chakula cha moto wa nyika ni majani makavu. Mvua zikinyesha vizuri, majani ya Ruma hukua mpaka kufikia kimo cha mtu. Kiangazi kikija, hasa Januari na Februari, hukauka yakiwa yamesimama. Yasipoliwa wala kupunguzwa, mabua ya mwaka huu huangukia mabua ya mwaka jana. Hapo cheche moja yatosha, iwe ya mrina asali, ya mchoma makaa au ya mwindaji haramu achomaye ili majani mapya yavute wanyama. Mchana upepo wa ziwa huusukuma moto. Ukifika chini ya mteremko wa Kanyamwa hupanda mbio kuliko uendavyo bondeni, kwa sababu ndimi zake hukausha majani ya juu kabla ya kuyafikia.

Mahali penye wanyama wengi, vinywa vyao hupunguza chakula hicho. Kule Serengeti, Tanzania, nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ugonjwa wa sotoka ulipokomeshwa, waliongezeka mpaka wakapita 1,000,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula majani ambayo zamani yaliteketea, na mioto ikapungua sana. Ruma haina makundi kama hayo, kwa hiyo hapana budi binadamu aifanye kazi hiyo.

Wengine husema dawa ni kuzima kila moto. Wamarekani walijaribu. Mwaka 1935 Idara yao ya Misitu iliagiza kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Walifanya kazi kwa bidii, lakini matawi na majani makavu yakazidi kulundikana msituni. Katika miaka ya 1970 amri ile iliachwa, na leo hifadhi zao nyingi za wanyama huchoma majani kwa mpango. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MOTO WA MPANGO

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza, hufyekwa ukanda mpana usio na majani, ili moto usivuke. Pili, kipande kimoja huchomwa mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu. Huwashwa jioni upepo ukitulia, na watu wenye maji na matawi mabichi wakiwa wamejipanga. Moto wa namna hiyo huenda polepole na joto lake si kali. Tatu, kipande cha jirani huachwa mpaka mwaka mwingine.

Kwa nini bonde lote lisichomwe mara moja? Korongo jike akizaa huficha ndama wake katika majani marefu kwa majuma kadhaa. Lakini mama huyo hupenda kula majani mabichi yachipuayo penye majivu. Ahitaji maficho na malisho mapya pamoja. Tena moto wa mapema hauui vichaka, na vichaka ni makao ya mbung'o aliyeeneza malale huko Lambwe. Vichaka vyataka panga, au moto mkali zaidi mahali palipochaguliwa. Mnaona basi kwamba kazi hii si ya kila mwenye kiberiti. Ni ya askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wenye kupima upepo na hali ya majani.

YATUPASAYO SISI

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yasema ni kosa kuchoma majani ndani ya hifadhi, na vilevile ni kosa kuuacha moto uliouwasha mwenyewe uingie humo. Basi kila mwenye shamba, popote alipo, ashike mambo haya:

1. Fyeka mpaka wa shamba lako kabla ya Januari, na majani uliyofyeka uyaondoe.
2. Usichome takataka za shamba mchana wa upepo, wala usichome peke yako. Waarifu jirani zako.
3. Usiondoke mpaka majivu yamepoa na kumwagiwa maji.
4. Mrina asali azime moshi wake kabla ya kuuacha mzinga.
5. Uonapo moshi hifadhini, peleka habari mara moja kwa askari wa hifadhi au kwa chifu.

Ndugu zangu, ndama wa korongo alalaye majanini hawezi kukimbia moto wa Februari. Akiungua, hapana mwingine nchini wa kuja badala yake. Hizo siku chache za kufyeka mpaka ni kazi ndogo sana kwetu. Tuifanye mapema.