Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima! Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, kitabu kiko mbele yake, na taa inawaka vizuri. Wewe unayesoma ukurasa huu baadaye, maneno haya ni yale yale yaliyosemwa redioni. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, rudi nyuma ulisome tena.

Methali yetu ya leo mnaijua wote: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni rahisi kuisema, lakini ni ngumu kuifuata. Leo nitawaeleza habari za watu wa mbali ambao iliwabidi kujifunza methali hii kwa machozi. Ni watu wa Kanada na Marekani, na mchezo wao ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Huenda mtu akauliza, "Bwana, barafu inatuhusu nini sisi? Barafu yetu iko kileleni mwa Kilimanjaro na ndani ya jokofu." Nami nitamjibu kwamba mchezo huo umekwisha fika kwetu. Mwaka 2005 hoteli moja ya Nairobi, iitwayo Panari, ilifungua uwanja wa barafu. Vijana wa Kenya wakajifunza, wakaunda timu yao, Ice Lions, na mwaka 2018 walialikwa Kanada kucheza. Lakini hata kama barafu isingefika kamwe, jambo la leo ni la watoto na hasira za wakubwa. Hilo halina nchi.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Uwanja wa kule una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Umezungushiwa ukuta, tena sakafu yake yote ni barafu. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani, pamoja na golikipa. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, nao huteleza kwa kasi kupita mtu akimbiaye. Hawapigi mpira wa duara. Wanapiga kisahani cha mpira mgumu, kizito gramu 170 hivi, kwa magongo marefu. Anayevunja sheria hutolewa, akakae ndani ya kizimba cha adhabu kwa dakika 2. Kosa likiwa kubwa, hukaa dakika 5. Wakati huo timu yake hucheza pungufu.

Katika mchezo huu mkubwa kwa mkubwa wanaruhusiwa kupigana vikumbo. Yaani, mwenye kisahani anaweza kukumbwa kwa bega mpaka akaachia kisahani. Lakini kuna mpaka. Ni marufuku kumkumba mtu kwa nyuma. Ni marufuku kumpiga kichwani, au kwa kiwiko. Sababu yake ni wazi. Anayekumbwa kwa nyuma karibu na ukuta hana nafasi ya kujikinga. Kichwa chake hutangulia ukutani, na shingo inaweza kuvunjika.

Ubaya ukaanza wapi? Ulianza kwa mazoea. Katika ligi kubwa ya watu wa kulipwa, wawili wakitupa glavu na kupigana ngumi, adhabu yao ni dakika 5 kizimbani, kisha wanarudi kucheza. Watazamaji husimama na kushangilia. Watoto nao wana macho. Walipoona mpiganaji anashangiliwa kuliko mfungaji, wakajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni. Kweli katika michezo ya watoto anayepigana ngumi hufukuzwa katika mechi hiyo. Lakini sheria ikisema hivi na makofi ya wakubwa yakisema vile, mtoto atafuata makofi.

Sikilizeni mambo mawili yaliyotokea.

La kwanza ni la tarehe 4 Januari 1987. Vijana walio chini ya miaka 20 walikuwa katika mashindano ya dunia, katika mji wa Piešťany, nchi ya Chekoslovakia wakati huo. Kanada ilikuwa inacheza na Urusi ya Kisovieti. Kanada ilikuwa mbele kwa mabao 4 kwa 2. Medali ilikwisha kuwa mkononi mwao, na hata dhahabu waliweza kuipata. Wawili wakagombana, wenzao wakaingilia, kisha wachezaji wakaruka kutoka kwenye mabenchi na kupigana. Waamuzi walishindwa, wakatoka uwanjani. Wakubwa wa uwanja wakazima taa, wakidhani giza litawatenganisha. Wapi! Vijana waliendelea kupigana gizani. Mwisho timu zote mbili zilifukuzwa katika mashindano. Kanada wakarudi kwao bila medali yo yote, na dhahabu ikaenda Finland. Hasira, hasara.

La pili ni la kusikitisha zaidi. Lilitokea tarehe 5 Julai 2000, katika mji wa Reading, jimbo la Massachusetts, Marekani. Siku hiyo hapakuwa na mashindano. Watoto walikuwa katika mazoezi tu. Baba mmoja aliona watoto wanachezeana vibaya, akakasirika. Alimlaumu baba mwingine aliyekuwa akisimamia mazoezi hayo. Wakajibizana, wakashikana, na mwishowe yule wa kwanza alimpiga mwenziwe vibaya sana, watoto wakitazama. Aliyepigwa akafa. Mwezi wa Januari 2002 mahakama ilimtia hatiani yule mpigaji kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 mpaka 10.

Fikirini jambo hilo. Baba alikasirika kwa sababu ya mchezo mbaya. Alikuwa anataka watoto wasiumizane! Lakini dawa aliyoitumia ilikuwa sumu ile ile. Familia moja ikapoteza baba kwa kifo, nyingine ikampoteza kwa jela.

Sasa basi, watu wa kule walifanya nini? Hawakukaa wakilia tu. Nitawatajia njia tano. Ziandikeni katika daftari zenu.

Njia ya kwanza ni kutazama umri. Mtoto wa miaka 11 au 12 si mtu mzima mfupi. Wengine wa umri huo wamekwisha kua, wengine bado wadogo sana, nao wote wamo katika timu moja. Kwa miaka mingi jimbo la Quebec lilikataza vikumbo kwa watoto wa umri huo, lakini jimbo la Alberta liliviruhusu. Wachunguzi wakayalinganisha majimbo hayo mawili kwa msimu mmoja. Walifuata watoto 1,108 Alberta, na 1,046 Quebec. Habari yao ilitolewa mwaka 2010. Alberta waliumia mara 241. Quebec mara 91. Mitikisiko ya ubongo ilikuwa 78 Alberta, na 23 Quebec. Chukueni penseli mpige hesabu: 78 ni zaidi ya mara tatu ya 23.

Mtikisiko wa ubongo ni nini? Ubongo umekaa ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa ghafula, ubongo hutikisika humo ndani. Kofia ngumu hulinda fuvu lisivunjike, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike. Mtoto huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, pengine hutapika au husahau. Mtoto wa namna hiyo asirudishwe kucheza siku ile, hata akisema amepona. Apelekwe kwa mganga.

Mwaka 2011 chama cha Marekani kiliamua kwamba watoto wa miaka 12 na chini yake wasipigane vikumbo. Kanada ikafuata mwaka 2013. Wachunguzi walipopima tena Kanada baada ya amri hiyo, waliona ajali zimepungua sana.

Wako wazazi waliobisha. Walisema, "Mtoto asipozoea vikumbo mapema, akifika miaka 13 ataumizwa zaidi." Neno lao halikupuuzwa, lilipimwa. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kwa jumla watoto wa miaka 13 na 14 waliozoea na wasiozoea waliumia sawa. Ila majeraha ya kumweka mchezaji nje zaidi ya wiki moja yalikuwa machache zaidi kwa waliozoea. Basi wabishi walikuwa na chembe ya ukweli. Lakini faida hiyo haikulingana na vichwa vilivyotikisika miaka miwili kabla. Nawaambieni hayo ili mjue kwamba shauri zuri hutazama pande zote mbili.

Njia ya pili ni ukumbusho. Katika mji wa Windsor, Ontario, watu walibuni alama ndogo nyekundu, kama ile ya barabarani inayomwambia dereva asimame. Waliishona mgongoni mwa jezi za watoto. Mtoto anayekuja kwa kasi nyuma ya mwenzake huiona kwanza alama ile, nayo humwambia, Simama! Usimkumbe mtu kwa nyuma.

Njia ya tatu ni kuupa wema bei. Katika jimbo la Minnesota timu haihesabiwi kwa kushinda tu. Ikimaliza mechi bila kupita idadi ya adhabu iliyowekwa, hupata pointi ya ziada. Mwaka 1994 walifanya mashindano ya vijana yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza pointi hizo zilihesabiwa. Sehemu ya mwisho hazikuhesabiwa. Vijana walikuwa wale wale. Lakini pointi zilipoondolewa, adhabu zikaongezeka na majeraha makubwa yakaongezeka. Mnaona? Mtoto hutenda lile analolipwa kulitenda.

Njia ya nne ni kuwafundisha wazazi. Mwaka 2010 chama cha mchezo huo katika mji wa Calgary kilitoa sharti kwamba mzazi mmoja wa kila mtoto apate somo la heshima michezoni. Mzazi akikataa, mtoto hachezi. Wengine walinung'unika, "Sisi watu wazima turudi darasani?" Nadhani ninyi mnaonisikiliza mnaweza kuwajibu vizuri kuliko mimi.

Njia ya tano ni kumlinda mwamuzi. Waamuzi wengi wa michezo ya watoto ni vijana wadogo wenyewe, na wengi huacha kazi kwa sababu ya kutukanwa na wazazi. Sehemu kadhaa za Kanada sasa zinamvika mwamuzi aliye chini ya miaka 18 utepe wa kijani mkononi. Maana yake ni hii: Huyu naye ni mtoto wa mtu. Punguza sauti.

Kabla sijamaliza, nina deni la kulipa. Nilipokuwa shule nilicheza mpira wa miguu. Siku moja tulikuwa tunafungwa. Kijana wa upande wa pili alinipita, nami nilimpiga kikumbo kwa nyuma, kwa makusudi. Akaanguka, akavunjika mkono. Wenzangu wakashangilia. Mwalimu aliyetusimamia alinipiga begani, akasema, "Huyo sasa ni mwanamume." Nilifurahi siku nzima. Yule kijana hakuandika mtihani wa muhula ule, kwa maana mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Sikwenda kumwomba radhi. Leo ni afisa elimu, nahimiza watu washike kalamu, na kila nikimwona mtu anajifunza kuandika namkumbuka yeye. Ningalipata mwalimu wa kuniambia "Nenda kamwinue," deni hili lisingekuwapo.

Kwa sababu hiyo nawaomba ninyi wazazi. Jumamosi mkienda kutazama watoto, jichungeni midomo. Mtoto akimwumiza mwenziwe, msipige makofi hata kama ni wa upande wenu. Akishindwa, msimwulize kwanza, "Mmefungwa ngapi?" Mwulizeni, "Umecheza vizuri na wenzako?" Kwenye mchezo ule wa barafu kuna desturi nzuri ya zamani: mechi muhimu ikiisha, timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono mmoja mmoja, walioshinda na walioshindwa. Desturi hiyo haihitaji barafu wala fedha. Hata kwenye uwanja wa vumbi inafaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjaji naye ajitazame mikono yake.

Sasa yako maswali ya kuzungumza darasani. La kwanza: Kwa nini kofia ngumu haimkingi mtoto na mtikisiko wa ubongo? La pili: Kati ya zile njia tano, ni ipi inayoweza kuanzishwa hapo mlipo bila gharama? La tatu ni la kuandika. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya siku aliyoshindwa katika jambo lo lote, na jinsi alivyotenda baada ya kushindwa. Msione haya. Mimi nimekwisha kuwaambieni langu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.