Tuhesabu omu mbele ya kuwasha ampli



Komite ilituomba tuseme juu ya kitu kimoja: namna ya kufunga bafle kwenye ampli. Msifikiri ni maneno ya vijana wa muziki tu. Tunakodisha vyombo kwa ndoa na kwa sikukuu, na ile pesa njo inasaidia mgonjwa na matanga. Ampli ikiungua, msaada nao unaungua.

Sisi tunaopita vijijini tunakuta ampli zilizokufa, na wenyewe wanasema: «Ni grupu imeiharibu.» Mara moja moja ni kweli. Lakini mara nyingi walifunga bafle mingi kupita nguvu yake.

Tuanze na namba. Nyuma ya bafle wanaandika 8 Ω ao 4 Ω. Hiyo ni omu: inaonyesha namna bafle inazuia umeme. Namba ikiwa ndogo, umeme mwingi unapita. Tuseme ampli inatoa volti 20. Kwa omu 8 zinapita amperi 2,5. Kwa omu 4, amperi 5. Kwa omu 2, amperi 10. Mzigo wote huo unabebwa na ampli, na transista zake zinapata moto mpaka kuungua.

Sasa mtego uko hapa. Bafle mingi ziko na matundu mawili nyuma. Mtu anatoa waya kwa ampli, anaingiza kwa bafle ya kwanza, kutoka pale anaenda kwa ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa macho zinafuatana, lakini ndani kila bafle inafungulia umeme njia nyingine. Bafle mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Kama nyuma ya ampli wameandika 4–8 Ω, basi upande mmoja unabeba bafle mbili tu za omu 8. Hata ya tatu imepita kipimo.

Ukiwa na bafle nne, funga mbili upande wa kushoto, mbili upande wa kuume. Kila upande unabeba omu 4, na hakuna shida.

Muangalie pia kifungo cha BRIDGE. Kinaunganisha pande mbili kuwa moja, na bafle ya omu 8 kila upande unaisikia kama omu 4. Kwa hiyo ampli yenye mwisho wa omu 4, ukiiweka kwa BRIDGE, usiipe chini ya omu 8.

Mbele ya kuwasha, pima waya na kipimio cha umeme, ampli ikiwa imezimwa. Bafle ya omu 8 itaonyesha karibu 6 ao 7; ni kawaida. Ikionyesha karibu na 0, waya zinagusana: usiwashe.

Siku ya ndoa mwenye sherehe atasema: «Ongezeni bafle, sauti ni ndogo!» Mumujibu kwa heshima: «Baba, hii ampli imefika mwisho.» Bafle ya kuongeza inaomba ampli ya pili. Na namba za omu, tuziandike kwa rangi juu ya kila chombo, ili hata atakayeshika kazi kisha yetu azione.

Sasa tunapokea maulizo.