Nani Atavuta Trela la Jumuiya?

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha jumuiya yetu, East Side, Columbus, Ohio. Nayaweka hapa ili wenzetu wa Louisville na Buffalo, pamoja na ndugu mlioko nyumbani, mchangie.)



Kwenye ajenda kuna pendekezo la kununua trela la kulala la futi 30, ili wakati wa kiangazi familia zetu zitoke kidogo. Silipingi. Sisi wabeba boksi nasi tuna haki ya kupumzika. Ninalouliza ni moja tu: nani atalivuta?

Najua jibu litakalotolewa: "Yeyote mwenye pikapu na leseni." Kisheria jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo penye tatizo.

Wengi humu tumefanya ule mtihani wa koni wa Ohio. Kiboksi cha futi 9 kwa 20, unapita mbele, unarudi nyuma, huku unaomba Mungu usiangushe koni. Wengine tuliufanya kwa Corolla ya kuazima. Leseni hiyohiyo inakuruhusu, kesho yake, kufunga nyumba ya futi 30 nyuma ya pikapu na kuingia nayo I-70. Hakuna anayekuuliza kama umewahi kuirudisha nyuma hata hatua moja.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa nne hapa nilikodi trela la namna hiyo kuwapeleka watu Buckeye Lake. Jenereta, majiko, mkaa, madumu ya maji na kreti za soda, vyote tulivisukumia nyuma kabisa. Aliyenikodisha alitazama leseni, akapokea pesa, akanipa funguo. Tulipopita Reynoldsburg lori kubwa likanipita kwa kasi, upepo ukalisukuma trela, likaanza kuyumba huku na huku. Nikafanya ambalo kila mtu angefanya: nikakanyaga breki kwa nguvu. Likazidi. Ikawa trela ndilo linaloendesha pikapu. Nyuma yangu lilikuwepo gari lenye watoto wetu. Mguu ulitoka kwenye breki kwa hofu tu, si kwa ujuzi, mwendo ukapungua, tukasimama kando ya barabara. Kwa muda mrefu sikuweza kushika tena usukani.

Baadaye nilisomea CDL, leseni ya malori, na nikaanza kusoma habari za matrela ya kulala. Ndipo nilipojua kosa langu. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inatakiwa ikae pale linapoungana na gari. Ukijaza mzigo nyuma, uzito huo unapungua na trela linaanza kuyumba. Likiyumba, unaachia mafuta, unashika usukani uwe sawa, na unafunga breki za trela peke yake kwa kile kidude cha mkono. Ni mambo ya kufundishwa jioni moja. Mimi sikufundishwa na mtu.

Sasa tutazame sheria. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, anayefanya kazi ya kuvuta trela la zaidi ya pauni 10,000, na jumla ya gari na trela ikafika pauni 26,001, lazima awe na CDL daraja A. Tangu Februari 2022 mwombaji mpya lazima kwanza apite kwa mkufunzi aliyesajiliwa. Lakini ukivuta uzito uleule kwa starehe yako, Ohio inakusamehe CDL. Sheria inauliza kama unalipwa. Upepo wa I-70 hauulizi hilo.

Si kila jimbo liko hivyo. California inadai leseni ya daraja A isiyo ya biashara kwa trela la kulala linalozidi pauni 10,000. Kwa wenzetu wa Buffalo, New York inataka kibali cha herufi R kwa gari la kulala linalozidi pauni 26,000. Hata hivyo, trela tunalotaka kununua lina uzito wa pauni 7,500 hivi. Lingepita chini ya sheria zote hizo.

Tusidhani pia kwamba serikali zinaelekea kukaza. Uingereza iliweka mtihani wa pekee kwa waliopata leseni ya gari kuanzia Januari 1997. Desemba 2021 wakauondoa, ili watahini wapate nafasi ya kuwatahini madereva wa malori, ambao walikuwa adimu.

Mzee mmoja aliniambia nje: "Kijana wangu, unataka watuongezee ada nyingine?" Shikamoo mzee, hoja yako ni nzito. Mtihani unaolipiwa humuumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Mimi binafsi naunga mkono Ohio iweke mtihani mfupi kwa matrela makubwa, na wenye kura tumwambie mwakilishi wetu. Lakini tusingoje Statehouse itufundishe kulinda watoto wetu.

Kule nyumbani lori halirudi nyuma bila utingo kushuka na kupiga kelele, "Njoo, njoo, kata kulia, simama!" Huku tumejifanya hatumhitaji.

Kwa hiyo napendekeza. Kwanza, asivute trela la jumuiya ambaye hajafanya mazoezi Jumamosi mbili kwenye maegesho matupu, chini ya mwenye CDL aliyezoea matrela ya namna hii. Wapo sita humu, nami nitajitolea. Pili, mzigo upangwe na kukaguliwa na watu wawili, pamoja na minyororo, taa na breki. Tatu, kila safari iwe na utingo. Nne, asiyekubali masharti haya asipewe funguo, hata akiwa Mwenyekiti.

Mkiyakataa, naomba jina langu liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nilipinga ununuzi.

Naomba kuwasilisha.