Kidonda Kimepona, Mbona Bado Inauma?

(Muziki wa kipindi unashuka)

 

Leo naanza na shangazi yangu, naye amenipa ruhusa. Miaka miwili iliyopita aliteleza akiwa na dumu la maji kichwani, akaanguka. Kiuno kikavimba, kikapona. Lakini mpaka leo kitenge kikimgusa mgongoni anashtuka. Majirani walisema anajifanya ili asipange foleni ya mgao. Wengine walisema amerogwa. Na mimi, nakiri mbele yenu, siku moja nilimwambia: "Shangazi, si picha ilionyesha mfupa ni mzima?" Alininyamazia. Leo najua nilikosea, na nataka ujue kwa nini.

Ukishika sufuria ya moto, habari haifiki kichwani moja kwa moja. Inapita kwenye mishipa ya fahamu mpaka ndani ya uti wa mgongo. Humo mna kama kituo: habari inapokelewa, inapunguzwa au inaongezwa, ndipo inapelekwa kwenye ubongo. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walikifananisha kituo hicho na lango. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua: ule mguso unasaidia kulifunga lango kidogo.

Sasa mfikirie mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa. Tangu siku hiyo, hata mbuzi akipita anapuliza filimbi. Filimbi anaipuliza kweli, hatanii, ila mwizi hayupo. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya utafiti kwa panya jijini London, alionyesha kuwa uti wa mgongo nao unaweza kuwa hivyo. Maumivu makali yakipiga hodi mfululizo, chembe za pale kituoni hubadilika. Vijilango vilivyokuwa vimefungwa hufunguka, kalsiamu inaingia, na chembe zinakuwa nyepesi kushtuka. Baada ya hapo, mguso mdogo unapokelewa kama pigo, na hata sehemu ambayo haikuumia inaanza kuuma. Picha ya mfupa haiwezi kuonyesha jambo hilo.

Utauliza: mbona wawili huanguka pamoja, mmoja akapona na mwingine akabaki na maumivu? Sehemu ya jibu iko kwenye jeni, yaani ile mirathi ya mwili tunayopewa na baba na mama. Mwaka 2006 watafiti waliandika habari za familia fulani za Pakistan zenye watoto ambao hawajawahi kusikia maumivu hata siku moja. Jeni yao moja, iitwayo SCN9A, ilikuwa haifanyi kazi. Usiwaonee wivu: walijing'ata ndimi na kuvunjika mifupa bila kujua. Na jeni hiyohiyo ikibadilika kwa namna nyingine, mtu huungua miguu na mikono kwa maumivu bila moto wowote. Hao ni wachache sana. Kwa wengi wetu ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na usingizi mbaya, hofu na mawazo. Na hayo, msikilizaji, sisi tunayajua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tembea kidogo kila siku, uongeze polepole. Kulala siku nzima humzidishia mlinzi wasiwasi. Pili, linda usingizi wako kadiri unavyoweza. Tatu, usimeze vidonge vya sokoni kila siku kwa miezi. Vingine huharibu tumbo na figo. Nenda kliniki, ueleze yalianza lini na mguso gani unauma. Zipo dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, lakini ni mhudumu wa afya anayezipanga.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Ukiona miguu inaisha nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi, au huwezi kuzuia au kutoa mkojo, nenda kliniki saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Na maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku au kukonda yanahitaji kupimwa haraka; huenda ni kifua kikuu cha mifupa.

Na wewe unayeishi na mgonjwa kama huyo, usimuulize kama anasema kweli. Muulize leo imeamkaje. Mimi nilirudi kwa shangazi, nikampokea dumu, nikamwomba msamaha. Akasema, "Mwanangu, ulichelewa, lakini umefika." Maumivu hayajaisha. Ila sasa tunatembea pamoja jioni, mpaka bombani na kurudi.

 

(Muziki unapanda)