Malipo ya Awamu na Ritani ya Juni: Mada kwa Wenye Nyumba za Wageni, Wenye Vyombo na Wanaowaandikia Hesabu, Lamu



Niliombwa nieleze ushuru wa awamu kwa jumla. Maana yake naipitia upesi, kwani wengi wenu mwaijua. Ni ushuru wa mapato unaolipwa kwa makadirio, mwaka ungali unakwenda na hesabu haijafungwa. Unamhusu mtu ambaye ushuru wake wa mwaka wafika shilingi 40,000 na haukukatwa wote kwenye mshahara. Hulipwa robo kwa robo: kwa mtu binafsi ni tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Kiasi hukadiriwa kwa njia mbili, asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliopita au ushuru unaotarajiwa mwaka huu, na anayelipa huchukua kilicho kidogo. Aliye kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, au ule wa kodi za nyumba za kuishi wa asilimia 7.5, hadaiwi awamu kwa mapato hayo. Nasisitiza: kwa mapato hayo. Mtu aweza kuwa na nyumba ya kupangisha huko na kazi ya ushauri huku, na hiyo ya pili ikamdai awamu.

Basi. Lililonileta hapa ni mwezi wa Aprili.

Sote twajua Aprili ya Lamu ilivyo. Kusi imeingia, masika yapiga, nyumba nyingi Shela zimefungwa milango, na mashua zimepandishwa pwani zatiwa kalafati na kupakwa mafuta ya sifa. Pesa iliyobaki ya msimu wa Desemba na Januari iko mikononi mwa mafundi. Ndipo tarehe 20 awamu ya kwanza ya mwaka mpya yadaiwa, na tarehe 30 salio la ushuru wa mwaka uliopita ladaiwa. Siku kumi, malipo mawili, miaka miwili tofauti. Halafu 20 Juni awamu ya pili, na 30 Juni siku ya mwisho ya ritani. Hapa ndipo watu wetu huharibikiwa, na si kwa kukataa kulipa.

Hati ya malipo ya iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, huuliza mambo matatu ambayo hayana budi kuwa sahihi: ushuru gani, malipo ya aina gani, na ya mwaka gani. Kijana wa saiba anayewajazia watu ritani, na foleni imefika mlangoni, huchagua aina ile ile kila mara, yaani ushuru wa kujitathmini, ambao ni wa salio. Mwaka huuacha kama ulivyokuwa kwenye hati iliyotangulia. Pesa yafika serikalini, lakini yaingia chumba kisicho chake.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Langoni aliniletea mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na hati nne zilizokunjwa mara nne, zimelowa chumvi, wino umefifia kwenye mikunjo. Alilipa Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kila mara shilingi 40,000, wala hakuchelewa hata siku moja. Hati zote nne ziliandikwa kujitathmini, na tatu kati yake zilibeba mwaka uliopita. Kwenye ritani, ukurasa wa awamu zilizolipwa uliachwa mtupu. Ushuru wake ulikuwa 172,000. Alichodaiwa kwa haki ni 12,000. Leja yake ya iTax ikaonyesha deni kubwa mara nyingi kuliko hilo, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake, huku mwaka wa nyuma ukionyesha ziada asiyoijua. Akaniambia, "Lakini mimi nishalipa." Alisema kweli. Nilivuka kwenda Mokowe mara tatu kwa ajili ya mfuko ule. Sitaji ofisi yoyote, wala hili si tafsiri rasmi ya sheria. Ni niliyoyaona, na nimeyaona miaka mingi mno.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Mtu alikadiria 220,000, akalipa awamu tatu za 55,000, kisha kwenye ritani akaandika nne, kwa kuwa ndivyo alivyokadiria. Ritani haitaki makadirio, yataka kilicholipwa, kwa tarehe yake. Na ile ya Desemba ikichelewa hadi Januari, bado ni ya mwaka uliokwisha. Ndiyo mwaka wa kuandikwa kwenye hati.

Kuna na mambo ya kaunti. Leseni ya biashara, ada za ardhi na sesi ya mawe au boriti hulipwa kaunti, nazo ni gharama za kupunguza faida. Hazikatwi kwenye ushuru wenyewe.  Wala hakuna ritani ya pili ya mapato, ya kaunti, kwani Katiba, kifungu cha 209, imeiachia serikali ya kitaifa ushuru huo.

Mapendekezo yangu ni haya. Kila mwenye biashara awe na daftari moja la awamu: tarehe, kiasi, mwaka, aina ya malipo, nambari ya hati. Hati isomwe kabla pesa haijatumwa, si baadaye. Hati za 20 Aprili na 30 Aprili zitolewe siku mbili tofauti, zisichanganywe mezani. Leja ifunguliwe Mei, kabla ya ritani, ili kosa lirekebishwe kwa maombi ya kuhamisha malipo mapema. Vijana wa saiba wapewe mafunzo ya siku moja kila Machi, nami niko tayari kuyatoa bila malipo. Msimu ukiharibika, kama ulivyoharibika 2020, makadirio yafanywe upya kwa mwaka huu badala ya kung'ang'ania asilimia 110. Na narudia: hati isomwe, mwaka utazamwe, aina ya malipo itazamwe.

Kwa Bunge, nalisema tena nililolisema kila semina. Mkulima ameruhusiwa kulipa asilimia 75 Septemba na 25 Desemba, kwa kuwa sheria yatambua kwamba shamba lina msimu. Pwani nayo ina msimu. Nusu ya ushuru wa mwaka yadaiwa wakati mashua iko juu ya magogo na chumba cha wageni kimefunikwa shuka. Wabunge wetu wapelekewe maandishi, yenye sahihi za wenye nyumba na wenye vyombo wa Amu, Shela, Matondoni, Pate na Kiwayu, yakiomba mpangilio kama wa mkulima.

Maandishi hayo nimeyaandika, yako mezani pamoja na kalamu. Aliyekuja na hati zake za Aprili asiondoke. Baada ya kahawa tutazifungua moja moja.