GARI LA NGAZI LIKIZEEKA: TULITENGENEZE AU TUNUNUE JIPYA?

Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa tawi la karakana. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.



Nimeombwa kusema juu ya gari la moto lenye ngazi, lile gari refu ambalo ngazi yake hulala mgongoni, na ikiinuliwa na kufunguliwa huweza kufika futi 100 na zaidi. Nitasema hasa habari za Marekani, maana huko ndiko mashini hizi zilipo nyingi na ndiko ubishi wa kutengeneza au kununua ulipo mkali siku hizi. Najua wengine wenu mnauliza, sisi na ngazi za Wamarekani tuna nini? Jibu ni hili. Sisi ni watu wa spana. Kila siku tajiri hutuletea mashini iliyochoka na kusema, "Tengenezeni hii, fedha ya mpya hakuna." Mara nyingine asema kweli, mara nyingine anakwepa. Gari la ngazi ni kipimo kizuri cha maneno hayo, kwa kuwa likikatika halimwagi gunia la mahindi barabarani. Linamwangusha mfanya kazi mwenzetu kutoka juu, na pengine mtoto wa watu mikononi mwake.

Kwanza habari ya fedha. Gari jipya la ngazi huko Marekani sasa hufika dola milioni 2, na mengine huzidi. Tena hulipati mara moja. Mji ukiandika barua ya kuagiza, unaweza kungoja miaka mitatu au minne kabla gari halijafika mlangoni. Chama cha wafanya kazi wa kuzima moto cha Marekani na Kanada, kiitwacho International Association of Fire Fighters, kilichoundwa mwaka 1918, kilishika neno hili kwa nguvu. Mwaka 1925? La, wala si habari za mababu. Ni mwaka 2025. Kiliiandikia Serikali ya Marekani kikitaka uchunguzi, kikisema kwamba viwanda vingi vidogo vya magari ya moto vimenunuliwa na kampuni chache kubwa, na kwamba ndiyo sababu bei imepanda na foleni imekuwa ndefu. Viwanda navyo vina maneno yao: vipuri vilikosekana wakati wa korona, na maagizo yakaja mengi kwa pamoja. Mimi simo katika kesi yao. Lakini angalieni jambo moja: chama cha wafanya kazi hakikungoja kuulizwa habari za mshahara peke yake. Kilisema chombo cha kazi ni haki ya mfanya kazi pia.

Na mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 2025, Los Angeles ilipokuwa inawaka, aliyekuwa mkuu wa zima moto wa mji ule wakati huo, Bi. Kristin Crowley, alisema mbele ya watu kwamba magari zaidi ya 100 ya idara yake yalikuwa yamesimama, na kwamba mafundi wa kuyatengeneza hawakutosha. Ndugu, lisikieni neno hilo vizuri. Gari jipya lisilo na fundi ni gari bovu linalongoja siku yake. Kwa hivyo anayesema "tununue jipya" na huku anapunguza mafundi, hajanunua kitu.

Basi miji mingi inatazama lile gari kuukuu lililoko gereji na kuuliza: je, haliwezi kufanywa upya? Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, na hapo ndipo panapotakiwa macho.

Gari la ngazi halizeeki sawasawa. Injini ina maisha yake, kebini ina yake, ngazi ina yake. Katika miji ya kaskazini ya Marekani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huila fremu kutoka chini. Magari haya mazito mara nyingi yana fremu ya chuma mara mbili, kipande ndani ya kipande. Maji ya chumvi yakiingia kati ya vipande hivyo, kutu huvimba na kuvisukuma mpaka vinaachana. Ukipaka rangi juu, macho hayaoni kitu. Nyaya za umeme nazo huoza katika maungio. Mipira ya mafuta ya kuinulia ngazi hukauka na kupasuka. Lakini ngazi yenyewe, ikiwa haikupindwa wala kupigwa na moto, yaweza kuwa nzima kabisa wakati gari lililoibeba limekwisha.

Kwa sababu hiyo kanuni za huko zimegawanya kazi hii mafungu mawili. Kanuni hizo hutungwa na chama kiitwacho National Fire Protection Association, NFPA, ambacho si Serikali, lakini miji mingi huzifuata. Kanuni ya kufanya upya magari ya moto ilijulikana kwa namba 1912. Baadaye imeunganishwa na nyingine na namba imebadilika, ila mafundi wengi bado huitaja kwa jina la zamani. Fungu la kwanza ni kuchukua fremu mpya, kebini mpya, na ekseli ya mbele na usukani mpya, kisha kuhamishia juu yake vitu vizuri vya gari la zamani, kama ngazi yenyewe. Fungu la pili ni kubaki na gari lile lile na kubadilisha sehemu zake kubwa: injini, giaboksi, pampu, nyaya, taa, mipira.

Sasa hapa tega sikio, maana tofauti yake si ya bei tu. Katika fungu la pili, sehemu zinazowekwa hutakiwa kutimiza kanuni zilizokuwapo siku gari lilipoundwa. Hazilazimiki kutimiza kanuni za leo. Maana yake, gari lililoundwa zamani laweza kutoka karakana likimetameta, lina cheti, na bado likawa gari la usalama wa zamani. Mtu wa ofisi akiona rangi nyekundu mpya na herufi za dhahabu, anaamini amepata gari jipya kwa fedha kidogo. Anayepanda ngazi ndiye anayepaswa kuambiwa ukweli kabla hajapanda.

Nitatoa mfano wa kebini. Tangu kanuni za mwaka 1991, gari jipya la moto la Marekani hutakiwa kuwa na kebini iliyofunikwa yote, kila mtu ameketi na mkanda wake. Kabla ya hapo watu walisafiri wakiwa wamesimama nyuma au wameketi mahali pa wazi, na wengi waliumia na kufa kwa kuanguka njiani. Kwa hiyo shauri la NFPA lilikuwa wazi: gari lililoundwa kabla ya 1991 liondolewe. Lililozidi miaka 15, kama limetunzwa vema, liwekwe akiba na kuongezewa vitu vya usalama. Likizidi miaka 25, lipumzishwe. Hilo ni shauri, si sheria, na ziko wilaya maskini huko huko Marekani, zenye wazima moto wa kujitolea, ambazo haziwezi kulifuata. Msidhani umaskini uko kwetu tu.

Nami nasema wazi msimamo wangu: niko upande wa kutengeneza. Kazi ile huleta mkate kwa mafundi, huhifadhi ujuzi, na huacha fedha za kuajiri watu. Lakini ngazi kwanza. Kabla ya kununua hata bolti moja, ngazi ipimwe.

Huko hupimwa kila mwaka, na angalau kila baada ya miaka mitano hufanyiwa upimaji mkubwa usioharibu kitu. Ikiwa ngazi ni ya chuma, hutiwa sumaku na kunyunyiziwa unga wa chuma. Penye ufa unga hukusanyika, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Ikiwa ni ya alumini, hupakwa rangi, ikapanguswa, na ile iliyoingia katika ufa hujitokeza tena. Bolti zinazoshika meza ya kuzungukia hupimwa kwa mlio usiosikika kwa sikio: mlio hupitishwa ndani ya bolti, nao ukirudi kabla ya wakati wake, fundi ajua kuna mpasuko ndani. Alumini ina hatari yake. Ikipata moto mkali hupoteza nguvu, na kwa macho yaweza kuonekana kama haikuguswa. Kwa hiyo hupimwa ugumu wake pia. Kisha ngazi hupewa uzani, na mapigo ya mafuta hutazamwa kama inashuka yenyewe pole pole. Ikishuka, kuna kizibo kinachovuja ndani ya mtungi, na hapo hakuna ubishi.

Tena anayepima asiwe yule anayelipwa kutengeneza. Sina nia ya kumtukana fundi yeyote, mimi mwenyewe ni fundi. Lakini mtu hawezi kuwa mshitakiwa na hakimu katika baraza moja.

Nikumbushe kitu kidogo cha San Francisco, nisije nikaonekana kwamba nasifu vyuma peke yake. Zima moto wa mji ule wana karakana yao ya ngazi za mkono, na mpaka siku hizi huzitengeneza kwa mbao. Mbao haipitishi umeme kama alumini, na mji ule una nyaya nyingi za tramu na mabasi ya umeme juu ya barabara. Ngazi ikivunjika kipandio, mafundi huirudisha karakana, hutia kipya, na ngazi hurudi kazini. Nyingine zimefanya kazi miaka mingi kuliko mtu anavyoajiriwa. Hao ni mafundi walioajiriwa na mji, wanaojua kila ngazi ilikopita. Napenda sana habari hiyo.

Na kwetu? Tangu Katiba ya 2010, kazi ya kuzima moto imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, na miongoni mwa magari yaliyoletwa humu nchini yamo yaliyotoka Ulaya yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi. Sikatai kupokea. Zawadi ya gari zima ni zawadi njema. Lakini gari la ngazi likishushwa Kilindini bila kitabu chake cha upimaji, sisi tunapokea ngazi ambayo hatujui imepita moto gani. Na kipuri chake kikivunjika, kiwanda pengine kimekwisha fungwa.

Kwa hivyo mwanachama yeyote akiitwa kutoa maoni juu ya mashini ya namna hii, au akiwa katika kamati ya usalama kazini, aulize maswali haya bila haya. Ngazi ilipimwa lini, na nani, na karatasi iko wapi? Fremu ilifunguliwa ikatazamwa ndani, au ilipakwa rangi tu? Watu wataketi wapi, na moshi wa dizeli utakwenda wapi? Hili la moshi si dogo: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani, na mwaka 2022 likaiweka kazi yenyewe ya kuzima moto katika orodha hiyo hiyo. Gari lililofanywa upya likabaki na ekzosi inayomwaga ndani ya kituo, limefanyiwa nusu ya kazi.

Swali la mwisho ni la hesabu. Tajiri akisema ameokoa fedha kwa kutengeneza, aonyeshe fedha hizo zimekwenda wapi. Kama zimekwenda kwa mafundi wawili zaidi, mafunzo, na akiba ya vipuri, tuseme ndiyo. Kama zimepotea njiani, na ngazi imerudi na mipira ile ile ya zamani, basi katibu wa tawi aandike barua siku hiyo hiyo, na nakala ibaki ofisini kwetu, yenye tarehe.