Samaki wa Mawe: Uvuvi na Makazi ya Furu katika Visiwa vya Ghuba ya Mwanza

Mada iliyotolewa kwa wenyeviti wa mitaa na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU)



Mkazi wa Mwanza hahitaji kufundishwa mawe ni nini. Amejenga juu yake, amepanda ngazi kati yake, na wengine wamepata riziki kwa kuyapasua kokoto. Lakini mawe hayo hayaishii ufukweni. Huteremka chini ya maji, na pale yanapochomoza tena ndipo huitwa Saanane, Makobe, Juma na visiwa vingine vingi vidogo visivyo na wakazi. Katika bahari ya Tanga au Mafia samaki hujikusanya kwenye matumbawe. Katika Ziwa Victoria kazi ya matumbawe hufanywa na mawe. Ndani ya nyufa zake samaki hujificha, juu ya mawe huota ukoga wa kijani ambao ni malisho, na kila kimo cha maji kina wenyeji wake.

Wenyeji wakuu ni furu, na wale wa mawe wavuvi huwaita mbipi. Wataalamu wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu. Mmoja hukwangua ukoga, mwingine huchokoa wadudu nyufani, mwingine hula konokono, mwingine huelea mbele ya jiwe akidaka vijidudu vya majini. Mmojawapo mwenye mgongo mwekundu alipewa mwaka 1985 jina la kisayansi la kumuenzi Mwalimu Nyerere. Ndugu yake wa rangi ya buluu huitwa pundamilia, kwa Kiswahili hichohicho, hata katika vitabu vya Ulaya. Si mara nyingi lugha ya Taifa hupata heshima hiyo, na inafaa ijulikane shuleni.

Mbipi wana tabia moja inayowafanya wawe dhaifu. Hawapendi kuvuka eneo la tope au mchanga lililo wazi. Kwa hiyo samaki wa kisiwa kimoja ni kama ukoo unaokaa peke yake: wakimalizwa, hakuna wageni wengi watakaovuka kuja kujaza nafasi yao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na hivyo wakawa na kumbukumbu za kabla na za baada ya mlipuko wa sangara. Samaki huyo alipandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na akaongezeka kwa kasi katika ghuba hii miaka ya 1980. Furu waliokaa kwenye tope na maji ya wazi walitoweka kwa wingi mno; ilihofiwa kuwa aina zipatazo 200 zimepotea. Mbipi walisalia kwa sehemu kubwa. Mawe yaliwaficha. Baadaye, uvuvi ulipopunguza sangara, baadhi ya furu wa maji ya wazi walianza kuonekana tena, jambo linaloonyesha kuwa wavu hauna upande mmoja tu: wavu uleule unaopunguza sangara humpa nafasi aliyekuwa akiliwa.

Hata hivyo jiwe halilindi dhidi ya kila kitu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu rangi za furu. Jike humchagua dume kwa rangi, na rangi huonekana palipo na mwanga. Huko Makobe, ambako maji ni maangavu kiasi cha kuona zaidi ya mita mbili chini, mwekundu na wa buluu ni aina mbili zilizo mbalimbali, kila mmoja na kina chake na chakula chake. Katika kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya ghuba, ambako maji yanaonyesha nusu mita tu, hakuna tena aina mbili. Wamechanganyika wakawa samaki mmoja mwenye rangi iliyofifia. Hakuna aliyewavua wakaisha. Ni kwamba hawakuonana.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo katika vikao vya mialoni husemwa kwa sauti ya chini. Mvuvi ndiye anayebeba lawama yote. Kokoro likikamatwa, linachomwa hadharani na picha zinapigwa. Kosa lipo na sheria ipo: kokoro hukomba mazalia ya ufukweni, nyavu za macho madogo zinazozungushwa mawe humaliza ukoo wa kisiwa, kupiga maji ili samaki watoke mafichoni huwanyima kinga yao pekee, na sumu haina mjadala. Hata mbipi wanaovuliwa kuwa chambo cha ndoano za sangara wafaa kuhesabiwa. Lakini tope halichomwi moto. Udongo unaoporomoka kutoka kilima kilichokatwa miti, maji ya choo kilichofurika masika, taka zilizosukumwa mferejini usiku wa mvua: hivyo vyote vina wenyewe, na wengi wao hawajawahi kushika kasia. Rutuba hiyo hulisha ukoga unaoelea, maji yanakuwa kijani, na mwanga unakatika.

Pwani ya Kenya inatoa mfano wa karibu. Katika miamba ya matumbawe iliyovuliwa sana, samaki aitwaye kikande alipungua. Viumbe wa miiba aliokuwa akiwala wakazidi na kuitafuna miamba yenyewe. Huko uvuvi uliharibu makazi. Hapa, makazi yanaweza kuharibiwa hata mvuvi akiwa amelala nyumbani.

Kwa sababu hiyo huduma za kawaida za mtaa ni sehemu ya uhifadhi wa samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mabomba ya majitaka yaliyopitishwa kati ya mawe huko Igogo, Kilimahewa na Mabatini yanaonyesha kuwa hata kilimani, ambako gari la kunyonya choo haliwezi kufika, maji machafu yanaweza kupelekwa panapostahili. Saanane, iliyopata hadhi ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, inalinda pia maji yanayoizunguka, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii maji ya mfereji kuingia.

BMU zinaweza kuanza na kipimo kisicho na gharama. Kisahani cheupe chenye upana wa sentimita 20 hufungwa kamba yenye alama na jiwe dogo la kukizamisha, kikateremshwa mchana upande wa kivuli wa mtumbwi hadi kisionekane. Urefu wa kamba uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la kisiwa, kila mwezi, mahali palepale. Baada ya masika mbili daftari hilo liletwe kwenye kikao cha kata, na lisomwe siku ambayo ajenda ni mifereji.